Bi Hapana na Mkopo wa Pijo

Jina lake halisi lilikuwa limechongwa kwenye kibao cha mbao mbele ya meza yake, lakini hakuna mwanachama aliyekuwa na haja nalo. Kwa wote waliopanda zile ngazi za saruji hadi ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, yeye alikuwa Bi Hapana. Miaka kumi na tisa alikuwa afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara na mafundi wa mtaa ule, na miaka yote hiyo watu walikuwa wakiingia kwake wamevaa nguo za kutokea, wakitoka wamezikunja fomu zao mfukoni.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na swali tu. Mstari wa nne wa fomu ya mkopo uliandikwa "Madhumuni ya mkopo", na Bi Hapana alikuwa akiweka ncha ya kalamu hapo, akamtazama mtu juu ya miwani yake, na kuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa hii ni ya nini hasa?"

Hapo ndipo wanaume wazima wenye ndevu zao walipoanza kugugumia. Aliyesema anapanua duka alijikuta anakiri kwamba shemeji yake anaoa. Aliyetaka friji la biashara alijikuta akieleza habari za runinga kubwa kama mlango. "Aliyeomba tano mpe tatu," ndivyo alivyozoea kuiambia kamati ya mikopo. "Akirudi anacheka, mpe nyingine." Wanachama walimsema kila kona, lakini walimsema huku akiba zao zikinenepa, na hakuna aliyewahi kupoteza hata senti.

Basi Jumanne moja, mfugaji mmoja wa kuku alileta ombi la mkopo wa kujenga mabanda. Kwenye sehemu ya dhamana aliandika: gari, lipo kwa baba mkwe. Bi Hapana hakuwa mtu wa kukubali dhamana ya kwenye karatasi. Hata mtu akiweka cherehani, alikwenda kuiona, akalizungusha gurudumu lake kwa mkono wake. Alichukua daftari na mwavuli, akafuata anwani hadi kwenye nyumba ya ukuta mfupi, nyuma ya shule, akabisha hodi.

Aliyefungua mlango alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa sweta juu ya sweta. Alikuwa mpima ardhi mstaafu. Ukutani nyuma yake zilining'inia ramani tu, na kwenye kona ya sebule ilisimama miguu mitatu ya darubini yake ya kazi, imegeuzwa kuwa pa kutundikia kofia.

"Shikamoo, mzee. Natoka chama cha mikopo. Nimekuja kuiona dhamana."

"Marahaba. Dhamana gani, binti?"

"Gari."

"Gari la nani?"

"Lako, mzee. Mkwe wako ameliweka dhamana ya mabanda ya kuku."

Mzee alimtazama. Akageuka, akatazama banda lililokuwa mwisho wa ua. Akamtazama tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Yule bwana alimchukua binti yangu, sikusema neno. Akachukua redio yangu, nikanyamaza. Leo anataka gari langu nalo ligeuke kuku! Njoo, njoo ulione kabla halijaota manyoya."

Banda lilikuwa na giza na harufu ya vumbi kavu. Mzee alishika ncha moja ya turubai, Bi Hapana akashika nyingine, wakalivuta. Hapo lilikuwa limesimama Pijo la mwaka sitini na nane, la bluu iliyopauka kidogo, kama shati lililofuliwa vizuri kwa miaka mingi. Taa za mbele za duara. Nyuma, juu ya taa nyekundu, vimapezi viwili vilivyochongoka, kana kwamba aliyelichora alikuwa na samaki mezani. Tairi zilikuwa zimekaa chini kwa uchovu.

Bi Hapana alifungua daftari. Kanuni aliiandika yeye mwenyewe: gari lililozidi miaka kumi na mitano halikubaliwi kuwa dhamana. Akaandika, "Halifai. Umri." Akafunga daftari. Kazi ilikuwa imekwisha, na alipaswa kuaga.

"Naweza kukaa ndani?" akauliza. "Kwa ajili ya ukaguzi."

"Kagua, binti."

Kiti kilimpokea na kumshusha taratibu. Usukani ulikuwa mpana kama sinia na mwembamba kama kidole. Mkono wa gia haukuwa chini, ulikuwa pembeni ya usukani, na kishikio chake kililainishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa nusu karne. Kulikuwa na saa ndogo ya duara, imesimama saa nne na dakika kumi, sijui za asubuhi gani. Bi Hapana aliweka mikono yote miwili juu ya usukani akatazama mbele, kwenye ukuta wa mabati. Alikuwa na leseni ya udereva kwa miaka kumi na miwili na hakuwahi kuwa na gari. Watoto walikuwa wamesomeshwa hadi wa mwisho, wakaondoka na maisha yao. Hakukumbuka mara ya mwisho alipotaka kitu ambacho hakikuwa cha lazima.

Baada ya muda mzee alikuja na kikombe cha chai akampitishia dirishani. "Ukaguzi unaendeleaje?"

"Unaliuza?" Bi Hapana alilisikia swali likitoka kinywani mwake kama limesemwa na mtu wa kiti cha nyuma.

Mzee akakuna kidevu. "Kuna bwana mmoja wa hoteli kaja mara mbili. Anataka kulikata paa, aliweke mlangoni kwake, apande maua ndani ya boneti. Nimemwambia nitafikiri, maana sikupata tusi la kutosha kwa haraka. Wewe utalifanya nini?"

"Nitaliendesha."

"Milioni sita. Sipunguzi, sipandishi. Na maua hapana."

Jioni ile mumewe, fundi saa, mtu aliyezoea kuzungumza polepole kwa sababu mikono yake daima ilikuwa na kitu kidogo cha kuanguka, alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Alipomaliza kukaza skrubu isiyoonekana kwa macho ya kawaida, akasema, "Mama watoto, una homa?"

"Sina."

"Tuna milioni sita?"

"Nina moja. Posho zangu za safari, nilikuwa naziweka."

"Kuna zile za bati."

"Za bati haziguswi," akasema Bi Hapana.

"Nilikuwa nakupima tu," akasema mumewe, akashusha pumzi. "Paa likivuja hatutalala ndani ya Pijo. Hiyo saa yake imesimama, umesema? Ni ya kujaza au ya umeme?"

Siku ya pili alikwenda benki, maana alitaka kupita kwanza mahali ambapo hakuna anayemjua. Afisa wa mikopo wa pale alikuwa kijana mwenye tai na tabasamu, akaanza kujaza habari kwenye kompyuta. Alipofika kwenye mwaka wa gari, akakwama. Akabonyeza, akashuka, akashuka tena.

"Mama, una uhakika si elfu mbili na nane?"

"Elfu moja mia tisa sitini na nane."

"Kompyuta haifiki huko." Aligeuza kioo amwoneshe, kwa huruma ya kweli. "Gari lazima liwe chini ya miaka minane. Hili kwetu thamani yake ni chuma chakavu. Ila naweza kukupa mkopo binafsi, hauhitaji dhamana, leo hii hii."

Bi Hapana akaomba karatasi. Akasoma mpaka chini kabisa, kule ambako herufi zinakuwa ndogo kama chawa. Akatoa kalamu yake mwenyewe, akajumlisha riba, ada ya fomu, bima ya mkopo na faini ya kulipa mapema.

"Mwanangu," akasema, "kwa hesabu hii nitanunua gari moja na boneti ya pili. Na hapa mmesahau kuandika kwamba riba inahesabiwa kwenye deni lote, si kwenye baki. Mtu asiyejua angeumia."

Yule kijana akaufuata ule mstari kwa kidole. "Mama unafanya kazi wapi?"

"Napita tu," akasema Bi Hapana, akachukua mwavuli wake.

Kabla ya kwenda mbele zaidi akampeleka fundi gereji kulikagua, kwa sababu kununua kwa macho ya mapenzi ni jambo alilowakataza watu miaka kumi na tisa. Fundi alilala chini ya Pijo saa nzima, miguu tu nje, huku mzee akimhadithia safari zote gari lilizowahi kwenda. Alipotoka, nywele zimejaa utando wa buibui, akatoa ripoti. "Chini ni zima, halijaliwa na kutu. Breki zinataka kazi. Mipira yote ya kupitisha maji ni ya kutupa. Betri ni kumbukumbu tu. Mama, nikwambie ukweli: hiyo sita ni kiingilio. Weka pembeni nyingine ya kulilea." Bi Hapana akaandika kila kitu, akafanya hesabu ya vipuri, akaitenga kwenye mshahara wake wa miezi sita mbele. Siku hiyo hakununua hata kitambaa cha kichwa alichokuwa amekipenda dukani.

Ilibaki njia moja, na ndiyo aliyokuwa akiikwepa. Kwa akiba yake chamani, mwanachama yeyote angeweza kukopa hadi mara tatu yake, bila kuweka gari dhamana, mradi apate wadhamini watatu. Watumishi wa chama hawakuruhusiwa kudhaminiana. Hiyo nayo ilikuwa kanuni yake. Alichukua fomu kutoka kwenye droo yake mwenyewe, akaenda kuijazia nyumbani kama mwizi. Jina, sawa. Namba ya uanachama, sawa. Kiasi, milioni tano. Mstari wa nne. Kalamu ikaganda. Aliandika "Usafiri", akafuta. Aliandika "Uwekezaji", akafuta kwa nguvu zaidi hadi karatasi ikatoboka, na asubuhi akachukua fomu nyingine.

Mdhamini wa kwanza aliyemfikiria alikuwa fundi mapazia, mwanamke wa makamo yake, mwenye duka lililojaa vitambaa hadi dari. Aliwahi kumnyima mkopo wa mashine ya kudarizi mara mbili. Mara ya tatu alimpa, lakini mara mbili ni mara mbili.

"Dada, keti," fundi mapazia akasema bila kuacha kushona.

"Nimekuja na jambo."

"Lisemwe."

"Nahitaji mdhamini."

Mashine ikanyamaza. Fundi mapazia alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha pazia, akaivaa tena. "Mdhamini wa nani?"

"Wangu mimi."

Fundi mapazia akanyoosha mkono kupokea fomu. Aliiweka juu ya meza ya kukatia, akaisawazisha kwa viganja, akatelezesha kidole hadi mstari wa nne. Kisha akainua macho juu ya miwani na kusema, kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa hii ni ya nini hasa?"

"Ni usafiri wa familia."

"Kutoka kwako hadi ofisini ni dakika kumi kwa miguu, na njiani unasimama kuchagua nyanya."

"Basi ni uwekezaji. Magari ya zamani yanapanda bei."

"Utaliuza lini?"

"Siliuzi!"

"Uwekezaji gani huo, bibi, wa kuzikwa nao?"

Bi Hapana akatazama mapazia. Kulikuwa na ya maua, ya mistari, na moja la zambarau ambalo hakika hakuna mtu angelinunua. "Nalitaka," akasema.

"Sikusikia."

"Nalitaka tu, dada. Nikikaa ndani yake najisikia mwepesi. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta, sijaiona."

Fundi mapazia akampa kalamu. "Andika hivyohivyo." Akasubiri hadi ameandika, ndipo akavuta fomu upande wake. "Mara ya pili uliponinyima, nilikwenda nyumbani nikakutukana mpaka chai ikapoa. Baadaye nikarudia hesabu, nikaona mashine ile ingenizamisha mwaka ule. Haya, sahihi yangu hii. Lakini na mimi nitapanda. Mbele, si nyuma."

Wadhamini wawili waliobaki aliwatafuta fundi mapazia mwenyewe, kabla ya saa ya chakula. Muuza viatu alitia sahihi bila kuuliza riba. Kinyozi alimwacha mteja na povu shavuni ili atie ya kwake, na mteja akamwambia achukue muda wake, kwani habari yenyewe ilikuwa tamu.

Kamati ilikutana Alhamisi. Ilikuwa na watu watano, na mwenyekiti alikuwa muuza misumari na vyuma, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa mzaha. Bi Hapana aliwasomea maombi ya wengine kama kawaida. Yule mfugaji wa kuku alikuwa amebadilisha dhamana, ameweka mashine ya kutotolea vifaranga, na alipata. Kisha ikafika fomu ya mwisho, na Bi Hapana akasimama, akatoka nje kama kanuni inavyotaka.

Nje, kwenye korido, kulikuwa na benchi la waombaji. Hakuwahi kulikalia. Alipokaa aligundua kwamba jua la mchana linaingia dirishani moja kwa moja usoni mwa mtu, na kwamba ukuta ule ni mwembamba kuliko alivyodhani, maana alisikia kila kicheko. Walicheka mara ya kwanza. Wakanyamaza. Wakacheka tena, na safari hii mtu alipiga meza.

Walipomwita, mwenyekiti alikuwa amevaa miwani ambayo si yake, ameishusha hadi ncha ya pua.

"Madhumuni ya mkopo," akasoma. "'Nalitaka.'" Akaiweka fomu chini taratibu. "Bibi, miaka kumi na tisa hatujawahi kuletewa jibu fupi namna hii. Marejesho utayatoa wapi?"

Bi Hapana akatoa jedwali, miezi thelathini, kila mwezi na tarehe yake.

"Ukiugua?"

"Kuna bima ya mkopo, ukurasa wa pili."

"Gari likiharibika?"

"Fungu la vipuri, ukurasa wa tatu."

"Mumeo anajua?"

"Mwenyekiti, hakuna mwanamume tuliyewahi kumuuliza kama mkewe anajua."

"Na tungeuliza," akasema mjumbe wa pembeni, mama muuza vyombo, "kumbe nusu ya zile pikipiki zisingenunuliwa." Meza nzima ikaanguka kicheko, na mwenyekiti akavua ile miwani kwa kushindwa kuendelea.

"Tumekubali," akasema alipopata pumzi. "Tumekupa milioni tatu."

"Tatu? Nimeomba tano! Uwezo wangu wa kulipa unaonekana, hesabu iko hapo, wadhamini watatu..."

Mwenyekiti akafungua kitabu cha kumbukumbu za vikao, mahali palipowekewa kipande cha karatasi tayari. "Kikao cha mwaka juzi. Afisa mikopo alishauri: aliyeomba tano mpe tatu. Akirudi anacheka, mpe nyingine."

Bi Hapana alikasirika kwa muda wa pumzi moja, labda na nusu. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka na miwani ikamwangukia mapajani, na mama muuza vyombo akainuka kumletea maji.

Ilibaki milioni mbili. Alikwenda kwa mzee Jumamosi, akaketi sebuleni chini ya zile ramani, akaeleza ukweli wote. Moja anayo, tatu amepewa, na mbili hana pa kuzitoa. Alikuwa tayari kuinuka aondoke.

"Mimi nina haraka gani?" mzee akasema. "Ningekuwa na haraka ningemuuzia lile jitu la maua. Nilipe kidogokidogo."

"Laki moja kwa mwezi, miezi ishirini."

"Sawa."

"Si sawa, mzee. Lazima tuandikiane."

Akamletea mkataba wa kurasa mbili. Gari angelichukua yeye, lakini kadi ya gari ingebaki kwa mzee hadi senti ya mwisho. Bima ingekuwa kwa majina ya wote wawili, na kwa thamani iliyokubaliwa na mtathmini, maana wakala wa kwanza wa bima alitaka kuliandika kama mtumba wa kuyeyushwa. Akikosa miezi miwili mfululizo, gari linarudi bandani na alicholipa kinabaki. Mzee alisoma kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, kama anatafuta mpaka wa shamba.

"Binti, karatasi hii inanilinda mimi kuliko inavyokulinda wewe."

"Ndiyo kazi yangu, mzee. Siwezi kuivua kama viatu."

Fundi gereji alichukua wiki mbili na nusu. Fundi saa aliing'oa ile saa ya duara, akaenda nayo kibandani kwake, na kwa siku nne wateja waliambiwa warudi kesho. Asubuhi ya kulitoa gari aliketi kiti cha mbele, saa ikiwa mapajani imefungwa kwenye leso, akagoma kuipachika mpaka gari lisimame mahali tambarare.

Bi Hapana akawasha. Pijo likakohoa, likatikisika, likaanza kunguruma kwa sauti ya chini, ya adabu. Mzee akasimama getini na sweta zake mbili, akiongoza kwa mikono kama ndege inatua. Gia ya kwanza ilipatikana upande ambao mtu hakuitegemea. Kwenye makutano ya kwanza gari likazimika. Likawashwa, likazimika tena. Nyuma yake kulikuwa na lori la mchanga, na Bi Hapana akajikunja akisubiri honi. Badala yake dereva wa lori alishuka, akaja hadi dirishani, akainama.

"Mama, hii ni ile ya gia za usukani? Baba yangu alikuwa akiendesha mfano wa hii. Vuta kwako kwanza, halafu juu. Hapo hapo. Haya, twende!" Akarudi kwenye lori lake, akawafuata polepole mpaka walipokata kona, taa zote zikiwaka.

Suala la harusi lililetwa na fundi mapazia, siku alipopandishwa mbele kama ahadi ilivyokuwa. "Gari hili likikodishwa kwa maharusi, mara mbili tu kwa mwezi, laki ya mzee inapatikana na chenji."

"Hapana," akasema Bi Hapana, kabla hata sentensi haijafika mwisho. "Sikulinunua lifanye kazi."

Wiki iliyofuata ikaja bili ya breki za nyuma, ambazo fundi, alipomaliza matengenezo, alikuwa amezisifu mapema mno. Bi Hapana aliitazama bili hiyo asubuhi, akaitazama mchana, na jioni akapita dukani kwa fundi mapazia kuuliza, kwa njia ya mzunguko, utepe mweupe mita moja ni kiasi gani.

Sharti lake lilikuwa moja: hakuna mwingine atakayeshika usukani. Kwa hiyo bibi harusi wa kwanza alifunguliwa mlango na afisa mikopo wa chama, amevaa glavu nyeupe zilizoshonwa kwa mabaki ya pazia. Binti wa watu alikuwa akilia, rangi ya macho ikimshuka mashavuni, kwa sababu keki ilikuwa imeangushwa na mjomba wake. Walikwenda mitaa miwili.

"Mama, hili gari ni lako?" bibi harusi akauliza kati ya kwikwi.

"Boneti na milango ya mbele ni yangu. Hapo ulipokaa bado ni pa chama. Buti ni ya mzee mmoja nyuma ya shule."

Kwikwi ikakatika. "Na usukani?"

"Usukani nililipia taslimu."

Binti akacheka, na akashuka mbele ya wageni akiwa bado anacheka, hata bwana harusi akamtazama kwa wasiwasi. Tangu siku hiyo simu zikaanza kuja. Bi Hapana alikubali mbili kwa mwezi na kukataa zilizobaki, akaeleza kila mmoja sababu kwa utaratibu.

Ofisini hakubadilika sana, tusidanganyane. Aliendelea kukata tano kuwa tatu. Ila mtu akigugumia kwenye mstari wa nne, siku hizi alimwachia muda kidogo zaidi, na mara moja moja aliandika pembeni ya fomu kwa penseli: "Anakitaka. Uwezo wa kulipa anao."

Mwezi wa tisa wa marejesho, alipompelekea mzee laki yake, mzee hakunyoosha mkono. "Ya mwezi huu kaa nayo. Nipeleke mahali."

"Marejesho ni marejesho, mzee. Pesa hii hapa, na mahali nitakupeleka pia."

Jumapili wakatoka watatu, mzee mbele na fundi saa nyuma na kikapu cha mkate na mayai ya kuchemsha. Barabara iliacha lami, ikapanda kilima kwa kona nyingi. Mzee aliongoza bila ramani: kulia penye mti uliokatwa, moja kwa moja, sasa simama. Walitembea kwenye nyasi za kufika magotini, wakizunguka, wakirudi. Bi Hapana alianza kudhani ni mambo ya uzee, ndipo mzee alipopiga fimbo chini ikalia ko. Wakafyeka kwa mikono. Ilikuwa nguzo fupi ya zege, jiwe la wapima ardhi, na juu yake kibati cha shaba chenye namba.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," mzee akasema. "Saruji tuliibeba begani kutoka kule chini. Kila shamba mnaloliona limepimwa kuanzia hapa." Alipiga goti moja, polepole, akafuta namba kwa kidole gumba. "Ramani mpya za wapimaji wa siku hizi zinasema jiwe hili liko mita mbili kule." Akaonesha kwa kidevu. "Nilitaka nione kama limetembea. Halijatembea."

"Basi waliokosea ni wao," akasema fundi saa.

"Ni wao," mzee akakubali, ameridhika kabisa, na akaomba yai.

Wakati wa kurudi, kule penye kupanda tena kabla ya lami, sindano ya joto ikaanza kusogea kwenye nyekundu. Bi Hapana akaegesha kivulini, akafungua boneti, akaweka glavu zake juu ya ukuta wa mawe. Yeye na mumewe wakakaa pembeni ya njia wakigawana mkate uliobaki. Ndani ya gari mzee alikuwa ameshalala, kofia usoni.

"Miezi mingapi bado?" mumewe akauliza.

"Kwa mzee kumi na mmoja. Kwa chama ishirini na mmoja."

Fundi saa akatafuna, akahesabu kitu kichwani, akatikisa kichwa kuonesha kwamba si mbaya. Mwendesha baiskeli alipita, akasimama, akalizunguka Pijo mara moja, akaenda zake akitabasamu.

Kofia ya mzee ikateleza. Akafumbua jicho moja. "Tumefika?"

"Bado, mzee. Injini inapumzika."

"Aa," akasema mzee, akairudisha kofia mahali pake. "Basi na mimi."